Miaka Yangu na Minyoo Bapa: Kutoka "Hawana" Hadi "Wanafanyaje"

Kwa miaka sita ya mwanzo ya ualimu wangu nilifundisha minyoo bapa kwa neno moja: hawana. Naingia darasani, nachora mnyoo ubaoni, naandika chini yake. Hawana moyo. Hawana damu. Hawana mapafu wala matamvua. Hawana mifupa. Hawana uwazi kati ya utumbo na ukuta wa mwili. Hawana tundu la kutolea haja. Wanafunzi wananakili, mtihani unakuja, wanaandika yaleyale, wanapata alama zao, tunahamia kwa minyoo wa mviringo.

Siku moja msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa kama hawana vyote hivyo, wanaishije?"

Nikamjibu kwamba hao ni wanyama wa hali ya chini, hawahitaji mengi. Akakaa. Lakini jibu lile lilinikereketa siku nzima, maana nilijua nimemnyamazisha tu. Karibu kila mnyama anahitaji hewa, na kila mnyama anahitaji chakula kiifikie kila seli, anahitaji kutoa taka. Kama mnyama hana kiungo tunachokijua sisi, basi ana njia yake nyingine, na hiyo njia ndiyo iliyopaswa kuwa somo. Mimi nilikuwa nafundisha orodha ya vitu visivyokuwepo.

Nikaamua kuwafuga.

Fundi wa maabara yetu, mzee aliyeshika kazi ile miaka mingi kabla yangu, ndiye aliyenielekeza. "Mwalimu, hao hawatafutwi kwa wavu. Hao wanaitwa kwa ini." Tukafunga kipande cha ini bichi kwenye uzi, tukakilaza chini ya jiwe penye kivuli, katika kijito chenye maji safi yanayotembea. Baada ya saa moja nilipovuta uzi sikuona kitu ila madoa ya kahawia yaliyonata kwenye ini, kama vipande vya majani yaliyooza. Mzee akalisuuza ndani ya bakuli jeupe. Madoa yakaanza kutembea.

Sikuwahi kuona mwendo kama ule. Nyungunyungu hujinyoosha akajivuta, unaona kabisa kwamba anafanya kazi. Planaria, maana ndilo jina la mnyoo bapa huyu wa majini asiyemdhuru mtu, haonyeshi juhudi yoyote. Anateleza tu, kama kivuli cha wingu. Siri iko upande wa chini wa mwili: silia, vinyweleo vidogo mno visivyohesabika, vinapiga kasia kwa pamoja juu ya ute anaoutandaza mwenyewe. Wangu walikuwa na urefu wa sentimita moja hivi. Unene wao sikuweza hata kuupima kwa rula.

Chini ya lenzi kichwa kilikuwa pembetatu, kina masikio mawili ya bandia pembeni, ambayo kazi yake ni kunusa na kuonja maji, na macho mawili yanayoonekana kama yana makengeza. Kila jicho ni kikombe cheusi kilicholala ubavu, na mbele yake kuna sehemu nyeupe. Kikombe hicho hukinga mwanga wa upande mmoja na kupokea wa upande mwingine. Kwa hiyo planaria haoni sura ya kitu, ila anajua mwanga unatoka wapi. Niliwasha tochi kushoto mwa bakuli. Mmoja baada ya mwingine wakageuka kwenda kulia.

Jioni ile nilibaki peke yangu nikiwatazama wakila. Mdomo wa planaria hauko kichwani. Mmoja alipanda juu ya ini, akatulia, kisha katikati ya tumbo lake likatoka bomba jeupe, laini, likawa linapinda huku na huku kama mkono unaopapasa gizani. Likaligusa ini, likazama. Hilo ndilo koromeo. Linamwaga vimeng'enya, linalainisha, linafyonza. Haikuchukua muda mrefu utumbo wake ukaanza kujichora kupitia ngozi: tawi moja likielekea kichwani, mawili yakirudi nyuma, kila moja likichipua vitawi pembeni hadi karibu na ukingo wa mwili, vyote vikijaa rangi ya ini. Mchoro ule nilikuwa nimeuchora ubaoni mara sijui ngapi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini utumbo unakuwa na matawi kiasi kile. Sasa nilikuwa natazama jibu: utumbo wenyewe ndio unaopeleka chakula kila pembe ya mwili. Mnyama huyu hana damu kwa sababu kazi ya kusambaza chakula imekwisha kufanywa na utumbo. Na mabaki yasiyosagika yanarudi kwa njia ileile yaliyoingilia.

Kundi langu la kwanza niliwaua wote. Maji ya kijito yalipoanza kuchafuka nikawahamishia kwenye maji ya bomba yenye klorini. Asubuhi wengine walikuwa wamejikunja, wengine wamegeuka ute. Kundi la pili nililiharibu kwa namna nyingine, nikaacha kipande cha ini ndani ya bakuli usiku kucha. Kikaoza, maji yakanuka, wakafa nusu. Mzee wa maabara hakunilaumu. Alisema tu, "Hawa ngozi yao ndiyo pafu lao. Maji uliyowawekea ndiyo hewa yao." Nimefundisha tangu hapo kwa sentensi ile ile ya mzee, na sijapata iliyo bora zaidi. Tangu siku hiyo natumia maji ya kijito yaliyochujwa, bakuli linafunikwa likae gizani mahali pa baridi, na ini likishakaa saa moja linatolewa na maji yanabadilishwa.

Vifo vile ndivyo vilivyonifungulia maana ya ubapa. Nilirudi darasani na udongo wa kufinyangia, kila mwanafunzi akapata donge. Nikawaambia: tuseme hewa inaingia kwa kupenya ngozi tu, hakuna damu ya kuibeba, na inaweza kusafiri kwa kusambaa umbali mfupi sana, kama milimita moja au chini ya hapo, kabla haijatumiwa yote na seli za njiani. Seli iliyo katikati ya donge itakuwaje? Itakosa hewa. Lifanyeni donge lenu ili pasiwe na seli inayokosa hewa, bila kupunguza udongo hata kidogo. Walihangaika kidogo tu. Karibu wote walilibonda likawa bapa. Yule msichana wa dawati la nyuma hakuwa tena darasani kwangu, alikuwa amekwisha kumaliza, na mpaka leo natamani angekuwepo siku ile.

Ukishaelewa jambo hilo moja, mengine yanafuatana yenyewe. Mnyoo bapa anaweza kuwa mrefu atakavyo ila hawezi kuwa mnene. Ndiyo maana tegu anaweza kufika mita kumi na bado ni mwembamba kama utepe. Maji ya ziada yanayoingia kwa ngozi hutolewa na mirija midogo iliyotapakaa mwilini, na mwishoni mwa kila mrija kuna seli yenye kishungi cha silia kinachochezacheza. Chini ya hadubini kinaonekana kama mwali wa mshumaa unaopepea, nao wataalamu wakaiita hivyo, seli-mwali. Mishipa ya fahamu imejipanga kama ngazi, nguzo mbili ndefu na vipago kati yake, na kichwani kuna mafundo mawili yanayotosha kuitwa ubongo. Mnyama huyu ana kichwa na mkia, kushoto na kulia, mgongo na tumbo. Mpango wa mwili wako na wangu ndio huohuo.

Kukata ni habari nyingine, na hapo nitakaa kidogo.

Mara ya kwanza niliwakata wakiwa wameshiba, na vipande vingi vilikufa. Baadaye nikajifunza kuwafungisha wiki nzima kabla ya wembe kuwagusa, maana utumbo uliojaa vimeng'enya ukipasuliwa unaudhuru mwili wenyewe. Unamweka planaria juu ya kitu baridi, ananyooka na kupunguza mwendo, na kwa wembe mpya unakata mara mbili: nyuma ya kichwa na mbele ya mkia. Vipande vitatu. Kichwa kiliondoka mara moja kana kwamba hakuna kilichotokea. Kilichonishtua ni mkia. Nao uliteleza, polepole, bila macho wala ubongo.

Kidonda hujifunga upesi, misuli ya pembeni inabana na ngozi inafunika. Siku ya tatu, mbele ya kile kipande cha katikati palikuwa na kinundu cheupe kisicho na rangi ya mwili. Siku ya tano asubuhi niliweka jicho kwenye lenzi nikaona ndani ya ule weupe nukta mbili nyeusi, ndogo kama zilizochomwa kwa ncha ya sindano. Macho. Niliita kila aliyekuwa karibu. Baada ya wiki mbili hivi nilikuwa na planaria watatu kamili, wadogo kuliko yule wa kwanza, kila mmoja akikimbia tochi.

Kazi yote hiyo hufanywa na seli shina zilizotawanyika mwili mzima, zinazoitwa neoblasti. Hizo ndizo seli pekee zinazogawanyika katika mwili wa planaria uliokomaa. Nyingine zote huchakaa na kubadilishwa na watoto wa neoblasti, kila siku, hata pasipo jeraha. Mmarekani Thomas Hunt Morgan, kabla hajapata umaarufu kwa kazi yake ya kurithishana sifa kwa inzi, aliwakata planaria miaka ya 1890 na kuripoti kwamba kipande cha sehemu moja ya 279 ya mwili kiliweza kurudi kuwa mnyama kamili. Mwaka 2011 watafiti walichukua planaria ambao neoblasti zao zote zimeuliwa kwa mionzi, wanyama waliokwisha kuhukumiwa kufa, wakawapandikizia neoblasti moja tu ya mwenzao. Seli ile moja ikazaa, ikazaa tena, hadi ikauponya na kuujenga upya mwili mzima. Kila ninapolisimulia hili darasani nalisimulia taratibu, kwa sababu wanafunzi huwa wanadhani wamesikia vibaya. Seli moja.

Na kile kipande cha katikati kilijuaje upande gani uote kichwa na upi uote mkia? Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba protini iitwayo beta-katenini ndiyo inayoutambulisha upande wa nyuma. Ikizimwa, kidonda cha nyuma nacho huota kichwa, na mnyama anatembea na vichwa viwili vinavyovutana.

Sipendi kukata ovyo, lazima niseme. Darasa moja linahitaji planaria wawili au watatu, si bakuli zima. Na mwanafunzi asiyetaka kushika wembe simlazimishi. Halafu, wale mnaokutana bustanini na mnyoo bapa wa nchi kavu, yule mrefu mwenye kichwa kama nyundo, ambaye alielezwa mara ya kwanza mwaka 1878 kutokana na walioonekana kwenye bustani za Kew, Uingereza: msimkatekate kwa jembe. Vipande vyake navyo huota. Anawinda nyungunyungu, na amesambazwa sehemu nyingi za dunia kwa udongo wa miche.

Niliwahi kumkosea mwanafunzi kwa sababu ya wanyama hawa. Asubuhi moja nilikuta ndani ya bakuli mikia mitatu isiyo na vichwa. Bakuli lilikuwa kwenye meza ya kijana mmoja mtundu aliyekuwa ameniomba wembe siku iliyotangulia nikamnyima. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia amewaua wanyama bila ruhusa. Alikana. Nikamwambia asiongeze uongo juu ya kosa. Akanyamaza, akatazama chini.

Usiku wa wiki iliyofuata nilikuwa nimechelewa maabara, nikafunua bakuli jingine kwa mwanga hafifu mwekundu. Planaria mmoja mkubwa alikuwa amebana mkia wake kwenye sakafu ya bakuli, huku nusu ya mbele ikivuta kwenda zake. Mwili ukawa mwembamba katikati kama uzi wa ute. Akavuta, akapumzika, akavuta. Mwisho ukakatika. Upande wenye kichwa ukaondoka, mkia ukabaki pale ulipo. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu namna planaria wengi wanavyozaana bila kujamiiana: hujirarua wenyewe vipande viwili, kwa kawaida gizani pasipo na bughudha, na kila kipande humalizia kilichopungua.

Asubuhi nilimsimamisha tena yule kijana mbele ya wenzake, safari hii nikasimama mimi pia, nikamwomba radhi. Nilimweleza nilichokiona. Hakusema neno ila "Nimekubali, Mwalimu." Kazi ya kuangalia mabakuli nilimkabidhi yeye hadi alipomaliza shule, na hakuwahi kukosa hata siku moja.

Jambo jingine nililifahamu kutokana na likizo. Niliwaacha planaria arobaini, wakubwa, kwa miezi miwili, na aliyepaswa kuwalisha akaugua. Niliporudi nilitegemea kukuta maji matupu. Nikakuta kundi la vidogo, hakuna anayezidi nusu ya urefu niliouacha. Nikafurahi, nikasema wamezaa. Kisha nikahesabu: arobaini na mmoja. Ukiacha mmoja tu aliyejigawa, hawakuwa watoto, walikuwa walewale. Planaria akikosa chakula hakondi akabaki mifupa na ngozi kama sisi. Anapungua idadi ya seli, na mwili mzima unashuka kwa uwiano, kichwa, koromeo, utumbo, vyote. Anaweza kukaa hivyo miezi. Nilianza kuwalisha ini mara mbili kwa wiki, wakarudi juu hadi kimo chao cha zamani.

Mpaka hapo unaweza kudhani minyoo bapa wote ni wapole wa kijitoni. La. Kati ya aina zaidi ya 20,000 zinazojulikana, walio wengi ni vimelea. Vitabu nilivyosomea viliwagawa makundi manne: wanaoishi huru, wanaong'ang'ania nje ya samaki, minyoo-jani kama yule wa ini na wa kichocho, na tegu. Mgawanyo huo bado unasaidia darasani, ingawa siku hizi kundi la wanaoishi huru halihesabiwi tena kuwa ukoo mmoja. Vimelea ndio ukoo mmoja kweli, na kinachowaunganisha ni ngozi. Lava wao, yaani mnyoo mchanga aliyetoka kwenye yai, huvua ngozi ya silia ya utotoni na kuvaa nyingine, tando moja lisilo na kuta za kutenganisha seli, viini vyake vikiwa vimezama chini. Ngozi hiyo ndiyo inayowafanya waishi pale ambapo sisi tungesagwa.

Kwenye kabati la maabara tuna chupa yenye tegu ndani ya formalini. Wanafunzi huizunguka, na swali la kwanza huwa lilelile: mdomo uko wapi? Hakuna. Hana mdomo, hana utumbo, hata kidogo. Zamani ningeiongeza hiyo kwenye orodha yangu. Sasa nawauliza wao: anaishi wapi? Ndani ya utumbo wa mtu. Chakula kinachomzunguka kimesagwa tayari. Ngozi yake ina vinyweleo vidogo vinavyoongeza eneo la kufyonza, na kila kipingili kinajilisha chenyewe. Kichwa ni kidogo kama cha pini, kazi yake ni kushika tu, kwa vifyonzi, na kwa tegu wa nguruwe kwa kulabu pia. Vipingili vipya huzaliwa shingoni, vya zamani vinasukumwa nyuma, vinakomaa, vinajaa mayai, vinakatika. Tegu wa ng'ombe huwa na vipingili 1,000 hadi 2,000. Kila kipingili kina viungo vya kiume na vya kike, kwani huyu, kama walivyo minyoo bapa karibu wote, ni huntha. Ukimtoa mwili wote akabaki na kichwa na shingo, ataota tena.

Nasisitiza jambo moja hapa hata kama limo nje ya mtihani. Nyama yenye malengelenge ya tegu isipoiva humpa mtu tegu wa utumboni. Lakini kwa tegu wa nguruwe kuna hatari kubwa zaidi, ya kumeza mayai yenyewe, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na kufika mdomoni kwa mikono au maji machafu. Mayai yakianguliwa, lava hupita kwenye damu na kukaa misulini, hata kwenye ubongo, na kifafa kikafuata. Mtu anaweza kupata haya bila kula nyama ya nguruwe kamwe.

Nimemwacha wa kichocho mwisho kwa sababu yeye namfahamu kwa ndani.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tukiogelea mchana, jua likiwa utosini, penye maji yaliyotulia na majani mengi kando. Miezi kadhaa baadaye matone ya mwisho ya mkojo wangu yalianza kuwa mekundu. Nilikaa kimya kwa muda mrefu kwa aibu. Nilifikiri nimefanya kosa fulani. Mtu mzima alipogundua nikapelekwa kupimwa, nikapewa vidonge, damu ikakoma, na hakuna aliyenieleza kilichokuwa kimenipata. Nilikuja kuelewa chuoni, nikiwa nimeinamia hadubini: dume mfupi mpana, kingo za mwili wake zimejikunja kutengeneza mfereji, na ndani ya mfereji huo jike mwembamba kama uzi amelala. Minyoo wa kichocho ni tofauti na minyoo bapa karibu wote, dume na jike wametengana, nao huishi wamekumbatiana hivyo miaka, ndani ya mishipa ya damu. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, ndiye aliyewaona mwaka 1851 mjini Kairo.

Kinachomuumiza mgonjwa zaidi ni mayai. Jike hutaga kwenye vena za kibofu, yai lina mwiba nchani, linapenya ukuta wa kibofu hadi kwenye mkojo na damu inafuatana nalo. Mengi hayafanikiwi kutoka. Yananasa kwenye nyama, mwili unayazingira, pakawa na makovu. Yaliyofika kwenye maji baridi huanguliwa lava aitwaye mirasidia, na huyo anaogelea kwa silia, zilezile za planaria wangu. Ana saa chache tu za kumpata konokono wa aina inayomfaa. Ndani ya konokono anaongezeka bila kujamiiana hadi watoke lava wa hatua nyingine, serkaria, kwa maelfu, wenye mkia wa panda, ambao hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache. Hutoka kwenye konokono kwa wingi mchana wa jua kali. Saa ileile tuliyokuwa tukiogelea.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 walihitaji dawa ya kukinga kichocho. Mimi nilikuwa nimewahi kuwa mmoja wa watu wa namna hiyo, na bado nilifundisha mnyoo huyu miaka sita kama mistari minne ya kukariri.

Mwaka fulani niliamua kulisimulia darasani lote, pamoja na aibu yangu. Nilichora yai na mwiba wake. Nikaeleza kwamba prazikwanteli, dawa ya kichocho, hukakamaza misuli ya mnyoo na kuiharibu ile ngozi yake inayomficha, kisha kinga ya mwili inamalizia, ila minyoo wachanga huponyoka, na ukirudi kwenye maji yaleyale unaambukizwa upya. Kengele ikalia. Wakatoka wote isipokuwa kijana mmoja aliyekuwa anapanga vitabu vyake taratibu sana, akivitoa na kuvirudisha.

"Mwalimu, ile damu... huja mwishoni?"

"Mwishoni," nikamwambia. "Ya kwangu ilikuja mwishoni."

Kesho yake tulifika kituo cha afya saa tatu. Mpimaji akatuambia turudi saa sita, kwa kuwa mayai ya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi karibu na mchana. Tukakaa chini ya mti tukingoja. Saa sita akatoa mkojo, ukazungushwa kwenye mashine, tone la chini likawekwa kwenye kioo. Mpimaji alipomaliza kusoma nilimwomba amruhusu kijana naye atazame. Akainama. Alikaa pale muda mrefu, mkono mmoja ukiwa umeshika ukingo wa meza.

"Ana mwiba kweli," akasema, bila kuinua kichwa.

Akapimwa uzito, akahesabiwa vidonge, miligramu 40 kwa kila kilo, akavimeza palepale. Njiani kurudi aliniuliza konokono mwenyewe anafananaje, na kama tunaweza kumtafuta tukiwa tumevaa mabuti.